Tone la Gundi la Mlango wa Kushoto, Gari Namba 1630

Bi. Wilma Dee Tackett
Barabara ya Machimbo ya Zamani
Dunmore, Indiana

3 Juni

Kwa Mwamuzi Mkuu,
Chama cha Walinzi wa Kestrel za Asili

Bwana Preston Lindqvist,

YAH: KUKATWA POINTI NNE KWA KAZI YA MKONO WANGU

Natumaini barua hii inakukuta mzima na magoti yako yamepona, maana Jumamosi iliyopita nilikuona umepiga magoti kando ya gari letu kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona mtu akipiga magoti kanisani. Mimi ni yule mama aliyekaa kwenye kiti cha kukunja nyuma ya Kestrel nyekundu, namba 1630, mwenye kofia ya majani na kikapu. Hukunisalimu. Hilo nimelisamehe na sitaliweka kwenye orodha.

Nilisoma mpaka darasa la sita kule milimani Kentucky, kisha baba akaumia mgodini nikaachishwa shule. Kwa hiyo mwandiko wangu uvumilie. Wewe una shahada mbili, binti yangu Twyla ameniambia, na umeandika kitabu kinene kama tofali kinachoeleza Kestrel ya mwaka mmoja inatofautianaje na ya mwaka uliofuata, skrubu kwa skrubu, ili mtu akikuta kipuri ajue ni cha toleo gani. Nimekisoma chote, kwa miwani yangu na lenzi ya Twyla juu yake. Kinasomeka vizuri. Tatizo lake ni moja tu, kwamba mimi nilikuwepo.

Najua barua hii utawasomea wenzako wa baraza, basi niwaeleze na wao. Kestrel ziliundwa hapa hapa Dunmore, kiwanda cha Brandell, tangu 1965 mpaka 1970 kilipofungwa. Nilifanya kazi pale miaka yote hiyo, kituo cha bitana. Mlango ulikuwa unanifikia mtupu, bati peke yake. Mimi napaka gundi kwa brashi, nabandika bitana upande wa ndani, nausukuma mbele. Kila mlango wa kushoto wa Kestrel uliopo duniani leo umepita mikononi mwangu, ukiondoa ile ya wiki sita nitakayoieleza. Aliyekuwa akiining'iniza milango kwenye bawaba zake, kituo kimoja kabla yangu, alikuwa Denzil Tackett, ambaye baadaye alikuja kuwa mume wangu, na ambaye tulimzika majira ya baridi mawili yaliyopita.

Sasa jambo lenyewe. Umetukata pointi nne kwa sababu ya tone la gundi. Kwa pointi hizo nne tumekosa cheti cha uasili, ambacho Denzil alikitamani tangu chama chenu kianze, akaacha msumari ukutani sebuleni, juu ya redio, unakingoja. Twyla amelichukulia jambo hili moyoni. Ameagiza bitana mpya, iliyotengenezwa juzi ili ifanane na ya zamani, na Jumamosi ya tarehe 14 fundi anakuja kutoka Fort Wayne kuibandua ile niliyobandika mimi, kuufuta mlango kwa dawa, na kubandika hiyo mpya yenye tone mahali unapopataka wewe. Nimemwambia hagusi mtu mlango huo nikiwa hai. Akaniambia, "Mama, ni kwa ajili ya Baba." Nikamwambia, "Na mimi je, ni jirani?" Tangu Jumapili hatuzungumzi, ila mmoja akitaka chumvi.

Kwa hiyo nina siku kumi na moja, na malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu tone lenyewe. Kitabu chako, ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, kinasema: milango ya mwanzo ina tone la gundi pembe ya chini kushoto. Kuanzia Februari 1968 tone linahamia pembe ya chini kulia, "ishara ya kuwasili kwa mtambo mpya wa kupaka gundi, yawezekana wa Kijerumani."

Bwana Lindqvist, mtambo huo wa Kijerumani ni mimi. Katikati ya Desemba 1967 niliteleza kwenye barafu nyuma ya kanisa nikiwa nimebeba sufuria la maharage ya chakula cha pamoja, nikavunjika kiwiko cha mkono wa kulia. Wiki sita nilikaa na plasta. Niliporudi, mkono wa kulia ulikuwa ukiuma nikiuinua, nikajifunza kupaka kwa kushoto. Ukipaka kwa kulia unamalizia kushoto, na gundi iliyobaki kwenye brashi inadondokea huko. Ukipaka kwa kushoto inadondokea kulia. Hiyo ndiyo hesabu yote, na hakuna Mjerumani hata mmoja ndani yake.

Na zile wiki sita ambazo kitabu chako kinaziita "kipindi cha majaribio, milango haina tone kabisa," hakukuwa na jaribio lolote. Alikuwa Eula Combs ameshika nafasi yangu. Eula alikuwa mtu bahili hata na gundi ya tajiri. Bitana zake zilikuwa zikifunguka zenyewe mvua ikinyesha, na nasikia leo nyinyi mnazipa pointi za ziada kwa kufunguka.

Sasa utauliza: kama gari lenu ni la Mei 1969, mbona tone liko kushoto? Swali zuri, na ungeniuliza siku ile badala ya kuandika kwenye karatasi yako "bitana si ya asili, huenda mlango mzima umebadilishwa." Nitakujibu. Gari lile Denzil alikuwa ameshaliomba kwenye mauzo ya wafanyakazi. Mlango ulipofika kwangu aliniambia, "Wilma, huu ni wetu." Basi nikachukua brashi kwa mkono wangu wa kulia, wa zamani, maumivu yakiwepo, nikaubandika kama nilivyobandika nilipokuwa msichana. Nakumbuka kama jana. Nakumbuka hata nilivyouma midomo. Mlango huo haujabadilishwa, na gari hilo halijawahi kugonga kitu chochote katika maisha yake, na atakayesema vinginevyo aje anieleze mimi usoni.

2. Kuhusu alama za chaki. Hapa naomba ukae.

Kitabu chako kina sura nzima, kurasa thelathini na moja na picha zake, juu ya alama ya chaki ya njano inayopatikana kwenye bati la mlango, chini ya bitana. Umezipanga kwa aina. Aina A: duara lenye mstari mmoja katikati, "mlango umekaguliwa mpangilio." Aina B: duara lenye mistari miwili, "umekaguliwa mpangilio na bawaba." Aina C: msalaba, "umekataliwa, urudishwe kupakwa rangi." Umeandika kwamba zilichorwa na "mkaguzi wa tatu," ambaye jina lake halijulikani.

Jina lake linajulikana. Ni Denzil. Na hakukagua kitu.

Duara ni skonzi. Mstari ni mahali ilipokatwa. Duara lenye mstari mmoja maana yake: leo nimeleta skonzi na siagi, tukutane nyuma ya matangi ya maji saa sita. Mistari miwili maana yake ndani kuna na nyama, mama yake alikuwa anamtumia paja la nguruwe lililokaushwa kutoka nyumbani. Msalaba maana yake: leo sina kitu, leta wewe. Msimamizi wetu, Bwana Hruska, alikuwa hataki wanaume na wanawake wasemezane kwenye mstari, kwa hiyo Denzil alichora kwenye bati, mimi nikasoma, nikabandika bitana juu yake, na ushahidi ukaenda zake California au mahali popote magari yale yalipokwenda.

Twyla anasema kuna mtu Ohio ambaye alikuta msalaba kwenye mlango wake na, kwa kufuata kitabu chako, akaupeleka mlango ukapakwe rangi upya. Mwambie pole. Ilikuwa Alhamisi tu, siku moja kabla ya mshahara.

Na mnauza chaki. Nimeiona kwa macho yangu pale mezani kwenu, ndani ya kijiboksi chenye nembo, na karatasi ya maelekezo. Nilikuwa nimesimama pale wazee wawili wenye ndevu nyeupe wakibishana mbele ya mlango uliofunguliwa. Mmoja anasema, "Mstari umelala digrii kumi na tano, Gene, soma kitabu!" Mwenzake anasema, "Ishirini! Kumi na tano ni ya sitini na sita, wewe unachanganya!" "Mimi nachanganya? Mimi?" Wakaniangalia kana kwamba nimekuja kufagia. Nilitaka kuwaambia mstari ulilala kwa sababu Denzil alikuwa anachora huku anatafuna. Lakini hawakuniuliza.

Kwa hiyo uelewe hali ilivyo, Bwana Lindqvist. Nchi nzima, ndani ya magereji yenye joto na taa nzuri, wanaume wazima wenye wajukuu wanachora chakula changu cha mchana kwenye milango ya magari yao, na wewe unawapa alama.

3. Hii nimeifuta mwenyewe. Nilikuwa na hasira. Ilihusu suruali yako.

4. Kuhusu miezi isiyo na alama. Kitabu chako kinasema kuanzia Septemba 1967 mpaka mwishoni mwa Januari 1968 milango haina alama yoyote, "idara ya ukaguzi ilifungwa kwa muda, pengine kwa sababu ya upungufu wa wafanyakazi." Hapakuwa na upungufu. Wafanyakazi walikuwepo tele, na mmoja wao alikuwa Jadwiga Nowak wa kituo cha viti. Kwenye pikniki ya chama cha wafanyakazi mwanzoni mwa Septemba, Denzil alicheza naye dansi mara tatu. Mara moja ni adabu. Mara mbili ni bahati mbaya. Mara tatu nilichukua sahani yangu nikaenda nyumbani.

Alichora skonzi siku iliyofuata, nikaifuta kwa kitambaa. Akachora tena, nikaifuta. Wiki ya pili akaacha. Miezi mitano milango ikapita mitupu, na mimi nikala peke yangu, chakula kibaya, soseji baridi kwenye mkate. Kabla miezi hiyo haijaisha nikavunjika mkono, akaja hospitali amevaa tai, amebeba bakuli limefunikwa kwa taulo, akasema, "Sijaleta maua. Nimeleta mbili zenye nyama." Na niliporudi kazini alama zikarudi. Ndiyo sababu kwenye kitabu chako kuna lile unaloliita "Badiliko Kubwa la Februari 1968": alama yarejea na tone lahamia, siku moja. Umeandika ni "dalili ya uongozi mpya." Siwezi kusema umekosea sana.

Lakini magari ya miezi ile mitano mnayapa pointi kamili kwa kukosa alama. Mnayasifu. Twyla alinionyesha moja, la bluu, mwenyewe amesimama kando yake ameshika kikombe cha ushindi. Mimi nikilitazama naona mtu aliyecheza dansi mara tatu. Hilo halistahili kikombe.

5. Kuhusu sponji ya mlango. Unasema kuanzia Machi 1969 sponji ndani ya bitana ni nyembamba kwa nusu, "ili kupunguza uzito wa gari na kuongeza kasi." Bwana Hruska alikuwa ana mbwa wanne wa kuwindia. Sitasema zaidi, kwa sababu marehemu hawezi kujitetea, ila mabanda ya mbwa wale yalikuwa laini kuliko vitanda vyetu.

6. Kuhusu usafi. Hili limenikera kuliko yote na nimelichelewesha makusudi.

Uliinama chini ya dashibodi na tochi yako na kile kioo chako chenye mpini kama cha daktari wa meno, ukatoka na uso wa huzuni, ukamwambia binti yangu, mbele yangu, "Ni safi mno. Kiwandani hawakuwa wanafuta hapa." Ukamshauri apulize rangi kidogo iwe kama vumbi, na akiweza aache alama za vidole. Nami nilipokaribia kusikia vizuri ukaniambia, "Mama, tafadhali usiegemee gari."

Nimeliegemea gari hilo tangu kabla hujaota meno ya mbele. Na kiwandani TULIFUTA. Mimi nilifuta. Nilikuwa na kitambaa cha flaneli kwenye mfuko wa aproni na sikuruhusu mlango uende mbele una kidole juu yake. Wako waliokuwa hawafuti, na majina yao ninayo. Lakini wewe umechukua uvivu wa watu wanne wa kituo cha dashibodi ukaufanya sheria, na sasa mwanamke aliyefanya kazi yake sawasawa anakatwa pointi na wale wachafu ndio kipimo. Twyla, ambaye nimemlea kwa sabuni na maji ya moto, nilimkuta Jumapili gerejini anajipaka masizi kwenye vidole.

7. Nimekaa nikaifikiria kanuni yenu, ambayo Twyla amenieleza hivi: kitu ni chenyewe tu kama vipande vyake vyote ni vya mwaka wake. Nikajipima.

Mimi ni wa toleo la 1944. Goti la kushoto ni la 2011. Meno ya juu yote ni ya 1996, ya chini ni ya mchanganyiko. Lenzi za macho yote mawili zimebadilishwa, na ninaona mbali vizuri kuliko nilivyoona nikiwa msichana, jambo ambalo kwa kitabu chako ni kasoro. Nywele sizizungumzii. Nimejikadiria kwa karatasi yenu ya alama nikapata sitini na moja, yaani hata mlangoni pa maonyesho nisingeruhusiwa kuingia.

Denzil naye aliwekewa moyoni kipande cha moyo wa nguruwe mwaka 2004. Aliishi nacho karibu miaka ishirini, akacheka nacho, akaotesha nyanya nacho, na kila mwaka mwezi wa Juni akaniletea skonzi mbili kitandani nacho. Kwa kanuni yako, niliyekuwa nimelala naye kitanda kimoja tangu 2004 hakuwa mume wangu ila mtu aliyefanana naye. Ningekuwa mwanamke wa kukasirika haraka ningesema umenitukana.

Baada ya hayo, maombi yangu ni machache na ya heshima:

Kwanza, toleo la saba la kitabu chako liseme ukweli. Badala ya "mtambo wa Kijerumani" liandikwe "Wilma Dee Tackett, mkono wa kushoto." Badala ya "mkaguzi wa tatu" liandikwe "Denzil Tackett, akiwa na njaa."

Pili, magari yote yaliyoundwa Septemba 1967 mpaka Januari 1968 yabandikwe kibao kidogo cha shaba pembeni ya dirisha la dereva kisemacho: GARI HILI LILIUNDWA WAKATI DENZIL ANA MAKOSA. Wenye magari wakikataa, warudishe vikombe.

Tatu, tangu sasa mtu asipewe cheti mpaka mimi nimeangalia mlango wake wa kushoto. Sihitaji tochi wala kioo. Nanusa. Gundi yangu naijua.

Nne, wale wanaochafua magari makusudi wayaoshe. Nitakuja kukagua na flaneli yangu.

Tano, na hili ndilo lenyewe, mengine ukinikatalia nitanuna tu: uandike barua fupi, yenye muhuri, kwa binti yangu Twyla, kabla ya tarehe 14, useme kwamba mlango wa kushoto wa gari namba 1630 ni wa asili, haujawahi kubadilishwa, na usiguswe. Mimi hanisikii. Ananiambia, "Mama, wewe unajua ya kwako, Bwana Lindqvist anajua magari." Wewe atakusikiliza. Chini ya bitana ile kuna alama ya Denzil ya Mei 1969, ambayo sijaiona tangu nilipoifunika kwa mikono yangu, na yule fundi wa Fort Wayne ataifuta kwa dawa pamoja na gundi, na hapo hata ukinipa vyeti mia sitakuwa na pa kuvitundika.

Ushahidi wa kwamba mlango ni wa asili unao: ni neno langu. Denzil hakumruhusu mtu kulishika gari lile. Halikukaa gereji ya mtu hata siku moja. Kiangazi cha 1991 tu ndipo lilikaa wiki tatu gerejini mwetu wenyewe limefunikwa turubai, na hiyo ilikuwa betri. Yeye mwenyewe aliniambia ni betri.

Ukitaka kuja kuzungumza, njoo. Skonzi huwa zinatoka saa nne asubuhi. Acha kioo chako kwenye gari.

Nisalimie mkeo, kama anakuvumilia. Wasalimie wazee wale wawili, na Gene umwambie ni digrii ishirini, mwenzake asimbabaishe. Msalimie aliyeuza soseji pale getini, zilikuwa za moto. Wasalimie baraza zima. Na yule mwenye gari la bluu msalimie pia, kosa si lake.

Ni mimi, nisiye na tone moja nisilolikumbuka,

Wilma Dee Tackett
kituo cha bitana, mlango wa kushoto, 1965–1970

Nyongeza, tarehe 5 Juni.

Bwana Lindqvist, bahasha ilikuwa imeshafungwa. Imenibidi niifungue kwa mvuke wa birika, na ndiyo maana imekunjamana.

Jana nilifikiri kwamba mtu mwenye shahada mbili hataamini neno tupu, atataka picha. Nikaingia gerejini na kisu cha siagi nifungue pembe moja tu ya bitana, nikuchoree ile alama kwenye karatasi nikuwekee humu. Twyla akanikuta nimepiga magoti. Akaenda akaleta taa akanishikia.

Pembe ikafunguka. Twyla akainama akatazama muda, kisha akasema, "Mama. Mlango huu ni wa kijani."

Gari letu ni jekundu, kama ulivyoona. Nje mlango ni mwekundu. Lakini chini ya bitana ni wa kijani kama pilipili hoho. Ni wa gari lingine kabisa.

Twyla akaniuliza, "Baba alibadilisha mlango? Lini? Kwa nini?" Nikasema sijui. Kisha tukafungua zaidi, na skonzi ilikuwepo, chaki ya njano, mstari mmoja umelala, na chini yake kwa mwandiko wa Denzil:

WILMA. NGUZO YA KANISA HAIJAUMIA. JUNI 1991. D.

Basi ikabidi nimwambie Twyla jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, na sasa nakwambia na wewe. Juni 1991 nililichukua gari bila kumwambia Denzil, nipeleke keki kanisani, na wakati wa kutoka niliichuna nguzo ya geti kwa mlango wote wa kushoto, kutoka bawaba mpaka kitasa. Nilirudi nikaliegesha upande wa kushoto umeelekea ukutani, nikapika chakula kizuri sana. Kesho yake akasema betri imekufa. Wiki tatu baadaye turubai lilipotoka mlango ulikuwa umenyooka. Nikajiambia kumbe halikuwa jambo kubwa. Sikuuliza. Mungu akishakusaidia humuulizi maswali.

Miaka yote hiyo nilidhani mimi ndiye ninayemficha.

Kwa hiyo umesema kweli. Bitana si ya asili na mlango umebadilishwa. Sikuibandika mimi, na lile la kuuma midomo sijui nimelitoa wapi. Aliibandika yeye, na gundi akaimalizia kushoto, kama nilivyokuwa nikimalizia mimi zamani zile za matangi ya maji, kabla ya barafu.

Twyla amempigia simu fundi wa Fort Wayne asije. Leo asubuhi tumeibandika bitana tena, yeye ameshika taa na mimi nimeshika brashi, mkono wa kulia, na kiwiko kimeuma kweli. Tone limeangukia kushoto. Kwenye ule msumari juu ya redio Twyla ametundika kile kisu cha siagi, na mimi nimemwachia.

Kata pointi zako nne. Kata na nyingine za mlango, na za kijani, unavyoona. Lakini kwenye kitabu chako uandike: badiliko la Juni 1991, gari moja tu.